Paneli ya Seva Ipimwe kwa Inachokikataa

Barua ya wazi kwa Maafisa Masuuli na Wakuu wa Vitengo vya TEHAMA katika taasisi za umma nchini Tanzania

YAH: KUHAKIKI USALAMA WA PANELI ZA KUSIMAMIA SEVA

Waheshimiwa,

Kila taasisi yenye seva zake, iwe halmashauri, chuo au hospitali ya mkoa, ina mahali ambapo fundi hukaa kuziendesha. Zamani mahali hapo palikuwa skrini nyeusi ya maandishi ndani ya chumba cha seva. Siku hizi aghalabu ni ukurasa wa kivinjari: fundi anaandika anwani, anaweka jina na nywila, na seva nzima iko mbele yake, kila kazi na kitufe chake. Ukurasa huo ndio ninaouita paneli, na nawaandikia kuhusu swali moja tu: mnajuaje kwamba ni salama? Mzabuni anapokabidhi kazi, ni rahisi ripoti ikaishia kusema kwamba paneli inafunguka, watumiaji wanaingia na huduma zote zinaonesha kijani. Maneno hayo, hata yakiwa kweli tupu, hayajibu swali. Yanathibitisha kwamba anayestahili kuingia anaingia. Usalama unawahusu wasiostahili, na hao hawamo kwenye ripoti. Mlinzi wa geti hapimwi kwa idadi ya wenyeji aliowafungulia. Kwa hiyo ninaomba kipimo kigeuzwe: paneli ihakikiwe kwa yale inayoyakataa, kukataa huko kujaribiwe kutoka nje ya ofisi na ndani yake, na matokeo yaandikwe kabla hamjaweka saini.

Tuanze na uzito wa kitu chenyewe. Webmin, mojawapo ya paneli kongwe, ilitoka mara ya kwanza mwaka 1997 na kwa kawaida husikiliza kwenye poti namba 10000. cPanel hutumia 2083 kwa wateja na 2087 kwa msimamizi mkuu, CyberPanel hutumia 8090, na Cockpit, inayojulikana sana kwenye seva za familia ya Red Hat, hutumia 9090. Namba hizi hazina siri, zimechapishwa kwenye miongozo ya programu zenyewe. Unyeti uko kwenye mamlaka yaliyo nyuma yake. Ili paneli iweze kuongeza watumiaji, kubadili nywila, kuwasha na kuzima huduma, kufungua hifadhidata na kupanga nakala rudufu, inabidi iwe na njia ya kutumia mamlaka ya root, yule mtumiaji wa Linux ambaye hazuiwi faili yoyote. Kasoro kwenye tovuti ya matangazo ya taasisi yaweza kuishia kwenye tovuti hiyohiyo. Kasoro kwenye paneli inafungua kwa mkupuo mmoja orodha ya mishahara, matokeo ya mitihani, kumbukumbu za wagonjwa, na hata nakala rudufu za hivyo vyote zikiwa zimehifadhiwa kwenye seva hiyo. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika tarehe 1 Mei 2023, kuvuja kwa taarifa hizo kumekuwa jambo la kisheria linaloihusu taasisi nzima kama mkusanyaji wa taarifa. Halibaki tena kuwa aibu ya kitengo kimoja.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa Webmin yenyewe. Kwa maelezo ya watengenezaji wake, mnamo Aprili 2018 mtu aliingia kwenye seva waliyokuwa wakifungashia matoleo ya programu hiyo, akapachika mlango wa nyuma katika faili moja iitwayo password_change.cgi, inayomshughulikia mtumiaji ambaye nywila yake imepitwa na muda. Kilichopachikwa ni maneno machache tu ya msimbo: alichokituma mgeni katika ombi lake kilichukuliwa kama amri, na seva ikaitekeleza. Kisha tarehe ya faili ikarudishwa nyuma, hivyo zana ya kulinganisha mabadiliko haikuona kitu. Toleo la 1.890 likatoka likiwa na mlango huo wazi. Baadaye faili ikarudishwa katika hali yake halali, lakini Julai mwaka huohuo mdukuzi akaibadilisha tena, safari hii kwa ujanja zaidi: mlango ukawa unafunguka pale tu msimamizi alipowasha kipengele cha kuwaruhusu watumiaji wabadilishe nywila zilizopitwa na muda. Hilo likatoka na toleo la 1.900. Septemba 2018 seva ya kufungashia ikaondolewa na mpya ikawekwa, lakini saraka yenye faili iliyochezewa ikanakiliwa kutoka kwenye bakapu za seva ya zamani, na mlango wa nyuma ukahama nayo. Ilipofika Agosti 2019 ndipo udhaifu huo ulipoelezwa hadharani katika mkutano wa DEF CON nchini Marekani, na watengenezaji wakatoa toleo safi la 1.930.

Tazameni jinsi paneli hiyo ingeonekana kwenye ripoti ya makabidhiano katika muda huo wote, zaidi ya mwaka mzima. Inafunguka? Ndiyo. Watumiaji wanaingia? Ndiyo. Kufuli lipo kwenye kivinjari? Lipo. Imepakuliwa kutoka chanzo rasmi? Imepakuliwa huko, na hata mtu angelinganisha alama ya ukaguzi ya kifurushi na ile iliyochapishwa na wenyewe, zingelingana, kwa sababu kifurushi kilichezewa kabla ya kufungashwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa kilichokuwa kinaelea kiliundwa kikiwa na tundu. Ni hakiki mbili tu ambazo zingesaidia. Ya kwanza ni kulinganisha kifurushi, faili kwa faili, na msimbo uliowekwa wazi kwenye tovuti ya GitHub, ambao haukuwa na kasoro hiyo. Kazi hiyo si ya kila halmashauri. Ya pili iko ndani ya uwezo wa kila taasisi: kujaribu kutoka nje kama paneli inafikika. Kama anwani zilizoruhusiwa kuifikia zilikuwa chache na zinajulikana, mlango wa nyuma ulikuwepo lakini mgeni wa intaneti hakuwa na njia ya kuufikia. Hapo ndipo ulipo uzito wa hoja yangu. Kuhuisha programu kunaziba kasoro zinazojulikana. Kuwakataa watu wasiohusika kunakinga hata dhidi ya kasoro ambayo hakuna bado anayeijua, wakiwamo walioiandika programu.

Hata hivyo, kukataa kwenye ukurasa wa kwanza hakutoshi, kama unavyoonesha ushahidi wa pili. Mwishoni mwa Oktoba 2024 seva zenye CyberPanel zilishambuliwa kwa programu ya kudai fidia iitwayo PSAUX, wakati takriban seva 22,000 za aina hiyo zilikuwa zikionekana kwenye intaneti. Mtu aliyepima usalama kwa kuandika nywila isiyo sahihi kwenye ukurasa wa kuingilia hakuwa akiigusa kasoro hiyo hata kidogo, kwa kuwa ilikuwa ndani. Ukurasa mmoja unaohusiana na kuhuisha hifadhidata haukuuliza kama anayeuita ameshaingia. Kichujio kilichotakiwa kuzuia herufi za hatari nacho kilikagua maombi ya aina moja tu, yale ya POST, ambayo kivinjari hutumia kupeleka fomu. Aliyetuma ombi la aina nyingine moja kwa moja kwenye ukurasa huo wa ndani alipita bila kuulizwa nywila na bila kuchujwa, akaendesha amri zake. Fundisho ni kwamba neno “inakataa” lazima liambatane na maswali: inakataa wapi, inamkataa nani, kwa ombi la aina gani? Mhakiki asiishie kwenye kisanduku cha nywila. Anakili anwani za kurasa za ndani, hasa zile za kupakia faili, kuhuisha mfumo na kusoma nakala rudufu, atoke kwenye paneli, kisha azifungue moja baada ya nyingine kwenye kivinjari kingine ambacho hakijaingia. Kila moja inapaswa kumrudisha kwenye nywila. Ikipatikana hata moja inayofunguka, ripoti isisainiwe.

Ushahidi wa tatu unahusu ruta na swichi badala ya seva, lakini ni wa paneli ya kivinjari vilevile, na una onyo kwa wanaoamini jaribio moja. Tarehe 16 Oktoba 2023 kampuni ya Cisco ilitangaza udhaifu katika ukurasa wa kusimamia vifaa vyake vinavyotumia mfumo wa IOS XE, uliopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Mgeni aliweza kujifungulia akaunti yenye mamlaka ya juu kabisa, kisha akapandikiza programu yake ndani ya kifaa. Watafiti walivihesabu vifaa vilivyoshikwa kwa kutuma ombi maalumu ambalo pandikizi hilo lilikuwa likilijibu, wakapata makumi ya maelfu. Kabla ya wiki kupita, hesabu ikaporomoka ghafla. Ilikuwa rahisi kuamini kwamba vifaa vimesafishwa. Ndipo kampuni ya Fox-IT ya Uholanzi ilipobaini kuwa washambuliaji wamelibadilisha pandikizi lao: sasa lilinyamaza kwa yeyote asiyetuma kitambulisho wanachokijua wao. Vifaa vilipoulizwa kwa namna nyingine, zaidi ya 37,000 vilikutwa bado vimeshikwa. Kuna jambo la pili. Kuzima na kuwasha kifaa kuliliondoa pandikizi, lakini akaunti alizojifungulia mgeni zilibaki palepale. Kwa hiyo ukimya wa paneli unaopimwa kutoka nje ni nusu ya ushahidi. Nusu ya pili iko ndani: orodha ya akaunti zote zenye mamlaka, ikisomwa jina kwa jina mbele ya mtu anayewajua watumishi, pamoja na kumbukumbu za matukio zinazohifadhiwa kwenye seva nyingine ambayo mdukuzi wa seva ya kwanza hawezi kuzifuta.

Uhakiki ninaouomba hauhitaji maabara. Mtumishi mwenye idhini achukue simu, azime Wi-Fi ya ofisi, atumie bando, kisha aandike anwani ya seva ikifuatiwa na nukta mbili na poti ya paneli, tuseme 10000. Majibu makuu yanaweza kuwa ya namna tatu. Ukitokea ukurasa wa nywila, au onyo la cheti kabla yake, paneli iko wazi kwa dunia nzima, na jaribio limeshindwa hata nywila iwe ngumu namna gani. Ukitokea ujumbe kwamba anwani yako hairuhusiwi, hiyo ni nafuu, lakini paneli iliyokujibu “hapana” imekwisha kukusikiliza. Programu yake imepokea ombi lako na kulisoma kabla ya kulikataa, na kasoro katika hatua hiyo ya kusoma ingetosha kuleta madhara. Kivinjari kikizunguka mpaka muda ukaisha bila jibu lolote, huku paneli ikiwa inafanya kazi kama kawaida kwa walioko ndani, ombi limezuiwa njiani kabla ya kuifikia. Hilo ndilo jibu linalotafutwa. Kama seva ina anwani ya IPv6 pia, jaribio lirudiwe kwa anwani hiyo, maana kanuni za kuchuja zilizoandikwa kwa ajili ya IPv4 peke yake haziigusi IPv6, na seva iliyofungwa upande mmoja yaweza kuwa wazi upande wa pili.

Akishamaliza nje, aingie ofisini. Aifungue paneli kwa http badala ya https aone kama itakubali kupokea nywila bila usimbaji, isikubali. Aandike nywila zisizo sahihi mfululizo aone kama kuna kikomo, kiwepo. Ajaribu akaunti ya mtumishi aliyehamishwa au ya mzabuni ambaye mkataba wake umekwisha, ikataliwe. Aingie kwa nywila sahihi bila namba ya uthibitisho wa hatua ya pili, akataliwe pia. Ajaribu akaunti ya mtumishi wa ngazi ya chini, ambaye kazi yake ni kutazama tu, aone kama kitufe cha kufuta kitamtii, kisimtii. Mwisho afungue kumbukumbu za matukio, ambazo kwa Webmin huwa katika faili ya /var/webmin/miniserv.log, atafute majaribio yote aliyoyafanya humo ofisini hivi punde, kila moja likiwa na saa na anwani lilikotoka. Sehemu hii ya mwisho ni rahisi kurukwa, nayo ina thamani kubwa kuliko zote. Jaribio ambalo paneli imelikataa bila kuliandika popote ni jaribio ambalo mshambuliaji naye atalirudia mara elfu bila yeyote kujua. Kwa mtu anayeifahamu seva, kazi hii inaweza kumalizika katika nusu siku ya kazi, na matokeo yake yanaenea kwenye karatasi mbili.

Najua mtajibiwa nini vitengoni. Jibu la kwanza litakuwa kwamba paneli ina kufuli, mawasiliano yamesimbwa. Kusimba ni lazima, lakini kunalinda safari ya nywila tu. Hakusemi lolote kuhusu nani yuko mwisho wa safari hiyo. Na hata hilo kufuli lina kasoro ya mazoea. Webmin inaposimikwa hujitengenezea cheti chake yenyewe, kivinjari hakikitambui, kinatoa onyo, fundi anabofya kuendelea. Anafanya hivyo leo, kesho na mwaka mzima. Siku mtu atakapojiingiza katikati ya mawasiliano kwa cheti cha kughushi, onyo litafanana na lile alilolizoea, na kidole kitabofya palepale. Dawa ipo na haina gharama. Let's Encrypt hutoa vyeti bila malipo, na kwa paneli iliyofungwa kwa nje umiliki wa jina unaweza kuthibitishwa kupitia rekodi ya DNS bila kuifungulia intaneti. Taasisi isiyoweza hilo inaweza kuandika alama ya SHA-256 ya cheti siku ya usimikaji, na mhakiki akailinganisha herufi kwa herufi kila anaporudi. Kwa vyovyote vile, onyo la cheti lisiwe sehemu ya kawaida ya siku ya kazi.

Jibu la pili litakuwa kwamba sisi ni wadogo, hakuna anayeijua anwani yetu, na isitoshe tumebadilisha poti. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu iitwayo ZMap, ambayo kwa kompyuta moja yenye muunganisho wa gigabiti moja iliweza kugonga poti moja katika anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45. Kabla ya hapo, tangu 2009, tovuti ya Shodan imekuwa ikimwezesha mtu yeyote kutafuta vifaa vilivyo wazi mtandaoni kwa aina na kwa nchi, kama mnavyotafuta habari. Anayeshambulia paneli haanzi kwa kuchagua taasisi. Anaanza na orodha ya paneli zote zenye udhaifu fulani, na jina la taasisi hulijua baada ya kuingia, kama atajishughulisha kulijua. Kubadilisha poti kunapunguza kelele za wanaobahatisha kwenye kumbukumbu zenu, na hakuna ubaya kufanya hivyo. Lakini kusihesabiwe kama kukataa, kwa kuwa anayeuliza poti zote atajibiwa.

Jibu la tatu lina uzito zaidi, nami sitaki kulipita juu juu. Fundi wetu ni mmoja, anaishi mbali, seva ikizima usiku lazima aifikie akiwa nyumbani. Tukiifunga paneli, tumemfunga mikono. Ni kweli kwamba usalama unaozuia kazi hautadumu. Mtu atautoboa ndani ya wiki kwa nia njema. Lakini anachohitaji fundi ni yeye kuifikia paneli, na hilo halilazimu dunia nzima iifikie pamoja naye. Njia ya VPN, kwa programu huria kama WireGuard, au mkondo wa SSH ambao huenda tayari upo kwenye seva, humfikisha kwenye paneli iliyofungwa kwa wengine wote, na programu zenyewe hazilipiwi. Mtu atasema VPN nazo zimewahi kudukuliwa. Zimewahi, tena sana. Kwa sababu hiyo VPN nayo iingie kwenye orodha ya vitu vinavyohakikiwa na kuhuishwa. Ila kulinda na kukagua njia moja iliyotengenezwa kwa kazi ya kuchuja watu ni jambo linalowezekana kwa kitengo cha watu wawili. Kulinda paneli tano tofauti zenye maelfu ya mistari ya msimbo, kila moja ikitazama intaneti, hakuwezekani.

Wapo pia watakaosema mzabuni ameshatuhakikishia. Mwamba ngoma huvutia kwake. Aliyesimika paneli ana kila sababu ya kuonesha kwamba inafanya kazi, na si ajabu hakuombwa kuonesha kingine. Mkataba unaofuata uandike kwamba makabidhiano yanajumuisha majaribio ya kukataliwa, na kwamba yatafanywa na mtu asiyetoka kwenye kampuni iliyosimika. Wengine watahofia kwamba majaribio yataangusha huduma. Majaribio niliyoyataja ni mepesi, na moja tu linahitaji tahadhari, lile la kikomo cha nywila, kwa kuwa linaweza kumfungia nje msimamizi halali. Lifanywe saa iliyokubaliwa, mtu mwingine akiwa mbele ya seva yenyewe. Pingamizi la haki kuliko yote ni kwamba paneli iliyokataa leo haijathibitishwa kuwa salama kesho. Nakubali kabisa, na ndiyo maana siombi cheti cha kudumu. Naomba kauli yenye tarehe: siku fulani, kutoka mtandao fulani, paneli ya toleo fulani ilikataa mambo haya, na aliyeshuhudia ni fulani. Kauli hiyo inakwisha nguvu kila paneli inapohuishwa, mtandao unapobadilishwa au mtumishi mwenye mamlaka anapoondoka, na hapo jaribio linarudiwa.

Kwa nini nawaandikia ninyi na si mafundi? Kwa sababu fundi hana mamlaka ya kufanya haya peke yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, na mtumishi anayejaribu akaunti za wenzake au kurasa za ndani za paneli akiwa hana barua mkononi anajiweka pabaya, hata kama nia yake ni kuilinda taasisi. Idhini ya maandishi, inayotaja seva, muda na jina la mhakiki, inatoka kwenu. Pia kuna mfano wa kuigwa. Tarehe 13 Juni 2023 wakala wa usalama wa mtandao wa Marekani, CISA, ulitoa agizo namba 23-02 kwa taasisi za kiraia za serikali ya shirikisho: kurasa za kusimamia vifaa zinazoonekana kwenye intaneti ziondolewe huko, au ziwekwe nyuma ya mfumo tofauti unaomhakiki kila anayeingia, ndani ya siku 14 tangu zigunduliwe. Wakala huo haukungoja ripoti za taasisi. Ulisema utakagua kutoka nje wenyewe. Kwetu, Mamlaka ya Serikali Mtandao ipo kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, na TZ-CERT ipo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kwa ajili ya kuratibu matukio ya usalama mtandaoni. Agizo la namna hiyo halihitaji sheria mpya ili taasisi moja moja ianze kulitekeleza kwa hiari.

Kwa hiyo maombi yangu kwenu ni manne. Toeni idhini ya maandishi ya uhakiki kwa mtumishi anayejulikana kwa jina. Agizeni iandikwe orodha ya paneli zote za taasisi, zikiwamo za ruta, kamera na vifaa vya kuhifadhia umeme, kila moja na poti yake na mtu anayewajibika nayo. Wekeni majaribio ya kukataliwa katika mikataba na katika ratiba ya mwaka ya ukaguzi wa ndani. Na chukueni ripoti ya mwisho ya usalama wa seva iliyoletwa mezani kwenu, mtafute humo walau sentensi moja inayosema nani alikataliwa, akiwa wapi, tarehe ngapi. Mkikuta imeandikwa tu kwamba mfumo unafanya kazi vizuri, irudisheni bila saini, na mwambieni aliyeileta kwamba nusu ya kazi bado haijafanyika.

Wasalaam,

Raia mtumiaji wa huduma zenu